Jani Nililolikata Mimi

Mama yangu mpenzi, Mama wa makopo,

Salamu nakuletea kwa dua, maana ulipo napajua ila posta haifiki. Barua hii naiandika wazi, mwenye macho aisome, kwa sababu lawama nawe ulibebeshwa wazi. Mtaa mzima wa Kamembe uliambiwa kwamba wewe ndiye uliyemchoma mjukuu wako jicho kwa mimea yako. Basi mtaa mzima usome na hili: si wewe. Ni mimi, Dija wako. Jani nililikata mimi, kwa kisu changu, na mikono yangu ilikuwa mizima.

Ala, kumbe linasemeka! Miaka ishirini na mitano nimelikwepa, na ni maneno ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Wewe unajua yote, lakini wanaosoma hawajui, kwa hiyo vumilia nikirudia. Unakumbuka baraza la nyumba yetu ya zamani, kwenye barabara inayoshuka mpakani mwa Kongo? Makopo yalipangwa ukutani kuanzia mlangoni hadi kona: ya maziwa ya unga, ya nyanya, ya rangi, na ile sufuria iliyotoboka ambayo ulikataa itupwe. Kila kopo ulilitoboa kwa msumari, matundu matano chini, ukaweka changarawe, kisha mchanga wa ziwani uliochanganya na udongo mweusi kidogo. Watu walikushangaa. Huku kwetu mvua inanyesha utadhani haina kazi nyingine, mtu anatupa mbegu ya papai nyuma ya jiko na hajakaa sawa tayari ni mti, halafu wewe unachagua kufuga mimea ya jangwani!

Maman Furaha, jirani yetu, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Bukavu alikokulia, na watoto wake watatu na Biblia yake. Alisimama mbele ya makopo, mikono kiunoni.

"Mama Dija, hii mimea yako inakulaka nini?"

"Haikulake kintu," ukamjibu. "Inakaaka tu. Sawa mzee wa kanisa yako."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo mkawa marafiki, wewe na tasbihi yako, yeye na kwaya yake.

Mimea hiyo uliipa majina. Ule wenye miiba uliuita Douanier, yaani afisa wa forodha, kwa sababu hakuna aliyepita karibu nao bila kuachia kitu, hata kama ni uzi wa kitenge. Ule unaosimama wima, majani yamenyooka kama panga, uliuita Mwalimu. Na ule ambao jani lake likianguka sakafuni linatoa mizizi lenyewe bila kuombwa ulikuwa Maman Furaha, na mwenyewe aliujua utani huo. Shubiri peke yake hukuipa jina. Shubiri ulisema ni dawa, na dawa haichezewi.

Ulinywesha Ijumaa baada ya swala, na kabla ya kunywesha ulichomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, unapita. Msimu wa mvua mwezi ulikwisha bila hata tone. Nilipokuwa mdogo nilidhani unaitesa, nikawa naiba kikombe cha maji naimimina kimyakimya, mpaka siku Mwalimu alipooza mizizi akaanguka chini mzima mzima. Hukunichapa. Ulinionyesha mzizi, mweusi, unanuka, kabla hujamwotesha upya kwa jani lililobaki zima.

"Dija, hii haikufake na kiu," uliniambia. "Inakufaka na huruma. Wacha."

Shubiri ndiyo iliyokupa heshima mtaani. Aliyeungua jikoni alikuja kwako, aliyewashwa alikuja kwako, lakini zaidi walikuja wanawake waliotaka kuwaachisha watoto ziwa. Mama alipaka maji ya shubiri kwenye titi, mtoto akaonja, akakunja uso, akanuna siku mbili tatu, mambo yakaisha. Wanawake walikuja asubuhi na vikombe vyao. Na hukumruhusu hata mmoja ajikatie. Ulikata mwenyewe, tena hukutumia kisu; ulivunja kwa mkono.

Sababu ilikuwa kwenye kopo la jirani yake. Uliotesha toto la mkonge kwa ajili ya nyuzi za kushonea vikapu, na mkonge ukiwa mchanga unafanana na shubiri kama mtu na mdogo wake: majani yale yale manene, rangi ile ile ya kijivu, vijino pembeni. Ila maji ya mkonge yanawasha na kubabua. Kila mwanamke aliyekuja na kikombe ulimpa somo moja: "Shubiri inavunjika mara moja. Mukonge inavutana." Ukivunja jani la shubiri linakatika papo hapo na kutoa maji ya njano, la mkonge linakataa, linaning'inia kwa nyuzi zake. Mkono unajua, hata kama jicho halijui. Somo hilo nililisikia mara mia, Mama, na mara zote mia nilikuwa nafikiria bei ya maziwa.

Maana biashara yangu ilikuwa maziwa. Bidoni mbili, madumu ya plastiki, kila alfajiri, nazichukua kwa wafugaji juu ya mji, nashuka nazo kituo cha mpaka cha Rusizi ya Kwanza, navuka daraja la zamani, nauza Bukavu mlango kwa mlango. Binti yangu Zuena alipozaliwa niliisimamisha. Miezi ikapita, nikaanza kusikia kwamba wateja wangu wanaletewa na mwingine. Nilijaribu kwenda naye mgongoni. Alilia foleni nzima, akataka ziwa katikati ya wachukuzi na magunia, bidoni zikiwa miguuni mwangu.

Mume wangu, Baba Zuena, fundi cherehani, alikuwa na neno moja: mtoto ananyonya miaka miwili kamili, kama Kitabu kilivyosema. Mama yake alihesabu miezi kwa vidole kila alipotutembelea, na alitutembelea sana, wallahi. Zuena alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu nilipokuja kwako kuomba jani. Chumba chetu kilikuwa uani kwako, haikunichukua hata hatua ishirini.

"Muache akamilishe," ukasema. "Miezi kenda si mingi."

"Kwako si mingi," nikakujibu, na nikaondoka nimekupa mgongo. Huo nao ni mgongo ninaoujutia.

Sasa usiku ule mvua ilipiga, ya upepo, ile inayoingia mpaka barazani. Wewe ukaamka ukaingiza makopo yote ukumbini yasilowe, ukayapanga ovyo, mradi yamekuwa ndani. Alfajiri Baba Zuena alikwenda msikitini. Wewe ulikuwa chumbani kwenye mswala wako. Mimi nikaingia ukumbini na kisu cha jikoni.

Shubiri niliijua kwa nafasi yake, Mama, hivyo tu. Kopo la tatu kutoka mlangoni. Miaka yote ilikaa hapo. Gizani nikahesabu moja, mbili, tatu, nikashika jani nikakata. Kwa kisu. Ningelivunja kwa mkono ningejua, lakini kuvunja kulikuwa kunachukua muda, na ulikuwa umekaribia kutoa salamu.

Nilipaka, nikamwamsha mtoto. Alivuta mara mbili tatu, akaachia, akapiga yowe ambalo sijalisikia kwa mtoto mwingine tangu hapo. Nikasema moyoni ni uchungu tu, wote wanalia. Nikamweka kando ya mswala wako, wewe ukiwa bado umeketi, nikabeba bidoni zangu nikatoka bila kukuangalia.

Nilianza kuwashwa nikiwa nateremka. Nikadhani jasho. Nilipofika karibu na daraja kifua kilikuwa moto mtupu. Nikajibanza nyuma ya kibanda, nikafungua blauzi: ngozi nyekundu, imevimba, vilengelenge vimeanza kutoka. Hapo nikajua. Sikuhisi, sikudhani. Nilijua. Nilijua nimekata nini, na nilijua kitu hicho kiko kinywani mwa nani.

Nilisimama kwenye foleni ile. Mbele yangu watu kama kumi, nyuma yangu kilima cha kurudi nyumbani. Maziwa yakifika saa tano hayajauzwa yanaganda, na wateja watatu walikuwa wamekubali kunirudia siku hiyo. Nikajiambia, Mama yupo. Mama anajua dawa. Mama ataosha. Nikatoa karatasi yangu ya kuvukia mpaka, nikavuka.

Niliuza maziwa siku ile mpaka bidoni zikawa tupu. Niliwamiminia watoto wa watu Bukavu, nikawatania mama zao, nikacheka. Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata wewe. Wewe ulidhani nilijua niliporudi. Sasa unajua.

Nilirudi saa nane mchana. Ua umejaa watu. Mlikuwa mmeshatoka hospitali, wewe umekaa kwenye benchi na Zuena mapajani, midomo imevimba mpaka haifungiki, jicho la kushoto limefungwa bendeji. Maji ya mkonge yalimtapakaa mikononi, na mikono hiyo akajifikichia macho. Mama mkwe wangu alikuwa anapiga kelele. Baba Zuena amesimama katikati, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Nani amekata hiyo jani?" akauliza, ameelekeza kidole kwenye mkonge uliokatwa.

Wewe ukaniangalia. Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nimejifunga kitenge mpaka kwenye koo. Ukatazama kile kitenge, ukatazama uso wangu, na nikaona umeelewa.

"Njo mimi, ni mimi," ukasema. "Nilitaka kumupaka dawa ya upele. Nikakata ya mukonge. Macho yangu imezeeka."

Macho yamezeeka! Wewe uliyekuwa unatunga uzi kwenye sindano magharibi bila taa. Ulikuwa hata miaka hamsini hujafika.

"Huyu mama hapana kumugusa tena mutoto yetu," mama mkwe akasema mbele ya wote. Na Baba Zuena akasema makopo yatoke siku hiyo hiyo, yasilale. Uliyatoa mwenyewe, mawili mawili. Baadhi Maman Furaha aliyachukua, mengine wanawake wa mtaa waliyabeba, yaliyobaki yakaishia shimoni. Halafu ulichukua ufagio ukafagia zile duara za kutu zilizoachwa na makopo sakafuni. Hazikutoka.

Jioni nilikufuata jikoni. Nikakuambia nitawaambia.

"Utaambia nani?" ukaniuliza, unapepeta mchele, huniangalii. "Atakuacha, na mutoto watamubeba. Nyamaza. Mie niko muzee, haina neno."

Nikanyamaza. Na kama nimeamua kusema kweli niiseme yote: nilinyamaza kwa shukrani. Usiku ule nililala vizuri.

Zuena alipona midomo. Jicho likabaki na kovu jeupe, dogo la punje ya mchele, na kwa jicho hilo anaona ukungu. Ndoa uliyoinunua kwa jina lako ilidumu miaka sita. Baba Zuena alikwenda Uvira kutafuta kazi akapata mke, akakaa huko huko, na mama yake akamfuata. Mtoto hawakumtaka tena. Kwa hiyo sababu ya kunyamaza iliondoka na mizigo yao, nikaiona inaondoka, na bado nikanyamaza. Hapo sina wa kumsingizia. Kila mwaka nilijiambia mwakani, akikua kidogo ataelewa.

Na siku ilikuja yenyewe. Alikuwa na miaka tisa, ametoka shule analia, watoto wamemtania jicho. Tulikuwa sote watatu tunachambua maharage. Akakugeukia.

"Bibi, ni kweli wewe ndiye ulinichoma?"

Ukaacha mkono kwenye ungo. Ukanitazama mimi, Mama. Uliningoja. Nakumbuka muda ule wote: mtu alipita nje anapiga filimbi, mbuzi wa Maman Furaha akalia, na wewe unaningoja. Mimi nikaendelea kuchambua maharage. Nilikuwa natoa hata mazima.

"Njo mimi, mwanangu," ukamwambia mwishowe. "Unisamehe."

Hakukusamehe. Tangu siku ile hakula kilichotoka mkononi mwako. Ramadhani ulileta sahani yako ya sambusa kila magharibi, akaisogeza kwa kidole mpaka upande wangu, mimi nikala. Nilizila zote, Mama. Na wewe kesho yake ulileta tena.

Nikuambie na hili, maana najua kwako siwezi kuonekana mbaya zaidi: nimewahi kukukasirikia. Kwa nini ulinifichia? Kwa nini hukuniacha nipigwe, niachwe, nilie, yaishe? Ulinijua. Ulijua kwamba nikipewa kivuli sitatoka juani kwa hiari. Halafu hukunisuta hata mara moja. Ungenisuta nikajibu, tungegombana, ukweli ungetoka katikati ya ugomvi kama unavyotokaga. Wewe ulikaa kimya ukazeeka.

Ulipougua mwaka juzi uliuliza mara moja tu. "Zuena anakuja?" Nikasema kesho. Zuena alikuwa Kigali kazini, na nilipompigia aliniambia, "Maman, usinilazimishe." Alikuja siku ya tatu ya msiba, hitima inasomwa. Alikaa nje na wanawake, kilemba chake kimeshuka upande wa jicho, akaondoka kabla dua haijaisha. Watu walimwona. Nilisikia mmoja nyuma yangu akisema, "Hata mie singekuja." Nikaendelea kugawa chai.

Siku hiyo Maman Furaha alikuja amebeba kopo la rangi, limekula kutu, na ndani yake kuna shubiri.

"Hii ni ya mama yako," akaniambia. "Alinipatiaka ile siku. Mie niliichungaka tu."

Kumbe mtaa mzima ulikuwa umekuchungia. Kwa fundi viatu kulikuwa na Mwalimu wako, amezaa wengine saba. Kwa mwuza mkaa, Douanier. Nilipita mlango kwa mlango kama nilivyokuwa napita na maziwa, naomba tawi, naomba chipukizi, na hakuna aliyenikatalia. Sasa nina makopo thelathini na kitu, dirishani, juu ya kabati, mengine yamenifuata mpaka chumbani. Natoboa kwa msumari, matundu matano. Naacha tawi likauke kidonda siku nne kabla sijalipanda, kama ulivyofanya. Jani likiwa na vumbi nalipangusa kwa kitambaa kikavu. Vijana wanaofanya kazi maofisini wanakuja kuniomba, wanasema wanataka mmea usiosumbua. Nawaambia hakuna usiosumbua, kuna usiolalamika. Wanacheka, wanadhani natania.

Mkonge sikuupanda. Nikiuona kwenye uzio wa mtu navuka barabara.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ana jina, anaitwa Nasra, na nilipomwona alikuwa na miezi minne. Ni mtoto wa Zuena. Unaona mkosi wangu ulivyo na adabu, umekuja na methali yake kabisa.

Alimleta kwangu mwenyewe kutoka Kigali, safari nzima ya basi, likizo yake ya uzazi imekaribia kuisha. Alikaa barazani ananyonyesha. Mtoto ana macho mawili safi, anakutazama bila kupepesa, utasema amekuja kukagua. Zuena akatazama makopo yangu muda mrefu.

"Akifika miezi sita nitamleta akae kwako," akasema. "Yaya simwamini. Wewe nakuamini. Ila hizi kopo, Maman, uzitoe. Unajua mwenyewe vile Bibi alinifanya."

Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa! Nikainuka, nikachukua kopo la kwanza, nikalipeleka uani. Nikarudi nikachukua la pili. Zuena alikuwa anamwimbia mtoto. Nikalishika la tatu, na nilipokuwa nainama nikajiona ninavyofanya: nabeba makopo yako kukutoa nyumbani mara ya pili, na safari hii hata hupo wa kuyabeba mwenyewe. Nikalirudisha chini, nikakaa sakafuni palepale.

"Zuena, si Bibi," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote. Kisu, kopo la tatu, kitenge mpaka kooni. Alisikiliza hajatikisika, mtoto bado yuko ziwani. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Ulijua saa ngapi?"

Hapo mlango wa mwisho wa uongo ulikuwa wazi, Mama. Ningesema niliporudi. Wewe mwenyewe ulikuwa unaamini hivyo.

"Nikiwa darajani," nikasema. "Kabla ya kuvuka."

"Na ukavuka?"

"Nikavuka."

Alimtoa mtoto kwenye ziwa polepole, akajifunga vizuri, akamweka mgongoni, akakaza kitenge. Akachukua mfuko wake. Nikamwambia ale kwanza, nimepika sambaza, dagaa wa ziwani, na ugali. Akanitazama kwa jicho lile la kovu, akatoka akasimamisha pikipiki. Sambaza zile nilizitupia paka.

Sijampata kwenye simu tangu hapo. Inaita, inakatwa. Nasra amefika miezi sita, akaipita. Sijui kama ameanza kukaa, sijui kama ameota jino. Namshukuru Mungu kwa ninayoyajua na namwomba anipe subira kwa nisiyoyajua, na subira yenyewe nimegundua sina.

Jumapili iliyopita Maman Furaha alipita kwangu akitoka kanisani, anahema.

"Dija, Zuena eko hapa?"

"Hapana."

"Mie nimemuona na macho yangu. Kule makaburi yenu. Eko na mutoto."

Nilivaa kandambili, nikafika mpaka getini. Nikasimama. Nikarudi nikazivua. Sikuwa nimealikwa.

Maman Furaha akanieleza alichoona akiwa barabarani. Zuena alikuwa ameketi chini, udongoni, na nguo yake ya kusafiria. Amemfungua mtoto mgongoni, amempakata, na alikuwa anaongea. Si kuomba dua, anasema, kuongea, kwa mikono, kama mtu anayemweleza mtu habari ndefu. Alikaa hapo mpaka jua likageuka. Halafu alikwenda kituo cha mabasi na kurudi Kigali. Kwangu hakupita.

Nimelia siku mbili, Mama, sikufichi. Zuena alikuwa akija Kamembe anakuja kwangu na kukuruka wewe. Sasa amekuja kwako akaniruka mimi. Naijua haki ninapoiona, hata ikinikalia kooni. Wewe umempata mjukuu wako, na kitukuu juu yake. Mimi nimekukabidhi kilicho chako, kwa kuchelewa, kikiwa na kovu, na wewe ukiwa huwezi kukipakata.

Atakuja tena. Namjua, ni wa kumaliza maneno yake yote. Akija akaongea na wewe, na akakutajia jina langu, nakuomba kitu kimoja tu, mimi niliyekuomba vingi: safari hii usinitetee.

Mungu akulaze pema.

Binti yako wa pekee,
Dija